Kutu, Rangi na Gurudumu: Somo la Sayansi kutoka Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Msafiri anayetoka Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay huiacha milima ya Wamatengo na kuteremka hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, ambao kimo chake ni mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Gari lake hukutana na matope ya barabara za vijijini majira ya mvua, vumbi majira ya kiangazi, na mchanga mbichi pale ufukweni. Katika safari hizo zote, sehemu inayopigwa na mawe, ikarushiwa maji na kupashwa joto na breki, ni rimu, yaani ule mwili wa chuma wa gurudumu unaovaa tairi. Haishangazi basi kwamba rimu ndizo huanza kubabuka rangi na kushika kutu mapema.

Rimu mpya ni ghali, na kazi ya gereji nayo ina gharama yake. Wako walimu, wakulima wa kahawa na wafanyabiashara wadogo wengi wanaotumia magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo, nao huuliza: je, mtu anaweza kupaka rangi rimu za gari lake mwenyewe, nyumbani, kwa fedha kidogo? Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti mawili. La kwanza, nguvu nyingi itumike katika kazi iliyo chini ya rangi, si katika rangi yenyewe. La pili, mpakaji ajue mahali ambapo rangi haipaswi kufika kamwe.

Mwandishi wa makala haya alijifunza sharti la pili kwa njia isiyopendeza. Alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na shahada yake ya udaktari, na milinganyo ya kutu aliijua kwa moyo. Akazipaka rimu nne za gari lake kuukuu kwa ukarimu mkubwa: mbele, nyuma, ndani ya matundu ya nati, na hata ule uso unaokutana na kitovu cha gurudumu. Siku ya tatu, akiteremka kuelekea ziwani na watoto wake wawili garini, alisikia mgongano mdogo upande wa mbele. Aliposimama, alikuta nati mbili zinageuka kwa vidole vitupu. Kijana mmoja fundi wa baiskeli aliyekuwa kando ya njia alizitazama, akakwangua rangi kwa ukucha, akasema: "Mzee, umekaza rangi, hukukaza chuma." Sentensi hiyo ilikuwa na fizikia kamili, nasi tutairudia baadaye.

KUTU NI NINI?

Chuma hakipatikani ardhini kikiwa safi. Huchimbwa kama mawe yenye oksidi, na hutumika joto kubwa kukitenganisha na oksijeni. Kwa hiyo chuma kinachong'aa kiko katika hali ya nishati kubwa, na kikipata nafasi hurudi katika hali yake ya awali. Kurudi huko ndiko kutu.

Vitu viwili lazima vikutane na chuma ili kutu itokee: oksijeni na maji. Katika sehemu moja ya uso wa chuma, atomu za chuma hupoteza elektroni na kuingia majini kama ayoni. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, ambako oksijeni pamoja na maji huzipokea. Ayoni za chuma hatimaye huungana na oksijeni na maji na kufanya unga wa rangi ya kahawia. Kwa ufupi twaweza kuandika:

4Fe + 3O₂ + 2H₂O → 4FeO(OH)

Mambo mawili yakumbukwe hapa. Kwanza, tendo hili ni la umeme. Kila kitu kinachoyawezesha maji kupitisha umeme vizuri zaidi, hasa chumvi, huharakisha kutu. Pili, kutu huchukua nafasi kubwa zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Ikizaliwa chini ya rangi huiinua, rangi hupasuka, maji mapya huingia, na kutu huzidi. Ndiyo maana kupaka rangi juu ya kutu ni sawa na kufunga kidonda bila kukisafisha.

JE, ZIWA LINAKULA CHUMA?

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita. Maji ya Ziwa Nyasa ni maji baridi, na chumvi zilizoyeyuka ndani yake hazifiki gramu moja kwa lita. Kwa hiyo gari la Mbamba Bay halina adui yule aliye naye gari la Mtwara au la Tanga. Huko Ulaya, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, magari ya mbali kabisa na bahari huliwa na kutu kana kwamba yanakaa pwani.

Hata hivyo, maji baridi si rafiki wa chuma. Mnamo Agosti 1914, Waingereza walipoishambulia meli ya Kijerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann mahali ambapo leo ni Liuli, waliikuta imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Chombo cha chuma, hata kikielea juu ya maji yasiyo na chumvi, hakiwezi kuachwa majini daima bila kukaguliwa na kukarabatiwa.

Kwa gari, hatari kubwa si ziwa lenyewe bali unyevu unaokaa. Tope lililoganda nyuma ya rimu hushika maji kwa siku nyingi baada ya mvua kukoma. Kuosha tope hilo kwa maji safi ni kinga ya kwanza, nayo haigharimu kitu.

RANGI HUFANYAJE KAZI?

Rangi ya kawaida ina sehemu tatu: unga unaotoa rangi, gundi inayoushikilia unga huo, na kiyeyushi, ambacho madukani huitwa tina, kinachoifanya iwe nyepesi. Baada ya kupakwa, kiyeyushi huondoka hewani. Katika rangi ya mafuta, gundi hupokea oksijeni ya hewa na kuwa ngumu polepole. Hivyo oksijeni ileile inayokula chuma ndiyo inayokomaza ngao yake. Rangi isiyonata kidoleni haijawa ngumu bado. Inahitaji siku kadhaa.

Rangi haizuii maji na hewa moja kwa moja, huvichelewesha. Kazi hiyo huifanya vizuri ikiwa imeshikamana na chuma, na haishikamani na mafuta, vumbi, maji wala kutu iliyolegea. Mkulima wa Kimatengo analielewa jambo hili kuliko mwandishi. Atengenezapo ngoro, hufyeka majani, huyapanga miraba juu ya mteremko, kisha huyafunika kwa udongo kabla ya kupanda. Mpita njia huona mahindi au maharage yamestawi; hayaoni majani yaliyozikwa. Lakini ni kazi ile ya chini inayohifadhi udongo usichukuliwe na mvua.

HESABU YA RANGI

Wengi hununua rangi nyingi kuliko wanavyohitaji. Tufanye hesabu. Rimu ya gari dogo ina kipenyo cha sentimita 38 hivi na upana wa sentimita 15. Uso wa mbele ni duara lenye eneo la mita ya mraba 0.11, na wa nyuma vivyo hivyo. Ukuta wa ndani wa pipa lake una eneo la mita ya mraba 0.17 hivi. Jumla ni karibu mita ya mraba 0.4 kwa rimu moja, na mita 2 za mraba kwa rimu tano, pamoja na ya akiba.

Tabaka moja la rangi likikauka huwa na unene wa milimita 0.05 hivi. Tuseme nusu ya ujazo wa rangi huondoka kama kiyeyushi. Basi lita moja hubakiza sentimita za ujazo 500, na kwa unene huo hufunika mita 10 za mraba. Matabaka mawili juu ya mita 2 za mraba ni mita 4 za mraba, yaani lita 0.4. Kopo la nusu lita linatosha, pamoja na robo lita ya praima ya kuzuia kutu. Anayetumia brashi hupoteza kidogo. Anayetumia kopo la kupuliza hupeperusha sehemu kubwa ya fedha yake hewani.

Vifaa vingine ni brashi moja ya waya, misasa ya namba 80, 180 na 320, sabuni ya unga, vitambaa safi na tina kidogo. Badala ya tepu ya kufunika tairi, majalada ya madaftari ya zamani yaweza kukatwa vipande na kupachikwa kati ya rimu na tairi kuzunguka ukingo wote.

HATUA ZA KAZI

1. Tambua metali. Sumaku ikishika, rimu ni ya chuma. Isiposhika, yaelekea ni aloi ya alumini, nayo huhitaji praima yake maalumu. Maelezo yanayofuata yanahusu rimu za chuma.

2. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe, legeza nati kidogo, kisha inua kwa jeki. Anza na rimu ya akiba. Ikishakamilika, ivalishe mahali pa ile inayofuata. Hivyo gari halikai juu ya jeki siku nzima.

3. Kagua. Rimu yenye ufa, iliyopinda, au yenye matundu ya nati yaliyopanuka haipakwi rangi. Hutupwa. Kuficha ufa kwa rangi ni kumdanganya atakayepanda gari hilo.

4. Osha kwanza kwa sabuni, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa, unayasugua mafuta yaingie katika mikwaruzo. Maji ya majivu huondoa mafuta vizuri kwenye chuma, kwa kuwa ni besi; lakini yasitumike kwenye alumini, maana besi huila metali hiyo.

5. Ondoa kutu kwa brashi ya waya na msasa mkavu wa namba 80 mpaka chuma king'ae. Katika vishimo visivyofikika, paka maji ya limau au siki, acha kwa muda, sugua, suuza kwa maji mengi na ukaushe mara moja. Rangi ya zamani iliyoshika imara haina haja ya kuondolewa yote. Ikwaruze kwa msasa wa namba 180 ili rangi mpya ipate mahali pa kushika.

6. Kausha. Huku milimani, hasa Juni na Julai, chuma kilicholala nje huwa baridi kuliko hewa ya asubuhi, na umande hukaa juu yake hata usipoonekana. Kazi ya kupaka ianze saa nne asubuhi na iishe kabla ya saa tisa alasiri, kivulini. Kipimo rahisi ni kupangusa sehemu ndogo kwa kitambaa chenye unyevu: alama ya maji isipotoweka katika dakika chache, hewa haifai.

7. Futa vumbi kwa kitambaa chenye tina kidogo, kisha paka praima siku hiyohiyo. Chuma kilichong'arishwa na kuachwa usiku kucha kimekwisha kuanza kutu.

8. Paka matabaka mawili membamba ya rangi, ukipiga msasa wa namba 320 kidogo kati yake. Tabaka moja nene hukauka juu na kubaki bichi ndani.

9. Acha siku mbili au zaidi kabla ya kurudisha gurudumu.

MAHALI PASIPOPAKWA RANGI

Sasa turudi kwa yule fundi wa baiskeli. Nati haishikilii gurudumu kwa sababu tu imezungushwa. Ikikazwa, huuvuta msumari wa gurudumu ukarefuka kidogo kama mpira unavyovutwa, na ule mvuto ndio unaoibana rimu kwenye kitovu. Unarefuka kiasi gani? Tuseme sehemu inayovutwa ina urefu wa milimita 30, mkazo ndani yake ni nyutoni 300 kwa milimita ya mraba, na moduli ya Young ya chuma ni nyutoni 200,000 kwa milimita ya mraba. Basi:

Mrefuko = 30 × 300 ÷ 200,000 = milimita 0.045

Linganisha jibu hili na unene wa tabaka moja la rangi, milimita 0.05. Ni karibu sawa! Rangi iliyo chini ya nati, au kati ya rimu na kitovu, hulainika kwa joto na kusagika kwa mitikisiko. Ikipungua unene, msumari hurudi katika urefu wake wa kawaida, mvuto unatoweka, na nati inakuwa huru ingawa hakuna mkono uliougusa. Kwa hiyo uso unaokutana na kitovu, matundu ya nati na viti vyake viachwe chuma kitupu na safi. Vifunikwe kwa karatasi wakati wa kupaka, na tone lolote lililoingia likwanguliwe.

Nati zikazwe kwa kuvukana, si kwa kuzunguka. Magari madogo mengi huhitaji nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 100 hivi, ingawa kitabu cha gari ndicho hakimu. Ukiwa na spana ya sentimita 25, hiyo ni sawa na kusukuma kwa nyutoni 400 mwishoni mwa mpini, yaani uzito wa kilo 40 hivi. Mtu mzima akisimama juu ya bomba refu hupita kiasi na aweza kukata msumari. Baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100, ambao ni karibu safari moja ya Mbinga hadi Mbamba Bay, nati zikaguliwe tena.

JOTO LA MTEREMKONI

Gari la kilo 1,500 likishuka mita 800 hupoteza nishati ya 1,500 × 9.8 × 800, yaani jouli milioni 11.8 hivi. Nishati hiyo ingetosha kuchemsha lita 37 za maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100 za Selsiasi. Dereva anayeshuka kwa gia kubwa huiachia breki sehemu kubwa ya mzigo huo, na breki huupeleka kwenye rimu. Gia ndogo huokoa breki, na huokoa rangi pia.

TAHADHARI

Mvuke wa tina na wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kimyakimya hadi kwenye jiko la mkaa na kuwaka. Kazi ifanyike nje, mbali na moto, na petroli isitumike kusafishia.

Rimu yenye tairi isiunguzwe kwa moto wala kuchomelewa. Joto huivunja mipira ya ndani kuwa gesi, na tairi yaweza kulipuka kama bomu.

Rangi za zamani, hasa praima nyekundu za malori makuukuu, huenda zina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa rangi kama hizo, tumia msasa wa maji badala ya msasa mkavu ili vumbi lisiruke, kisha kausha chuma mara moja. Funika pua na mdomo, na watoto wasikaribie.

Mabaki ya tina na rangi yasimwagwe mtoni wala ufukweni. Ziwa Nyasa lina mto mmoja tu unaoyatoa maji yake, Mto Shire. Kinachoingia humo hukaa miaka mingi, pamoja na samaki tunaowala.

JARIBIO LA SHULE

Tafuta misumari minane ya aina moja na chupa nane ndogo. Isugue yote ing'ae.

Kundi la kwanza: weka msumari mmoja katika hewa kavu yenye kloridi ya kalsiamu, chupa ikiwa imefungwa, wa pili katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta ya kula, wa tatu uzame nusu katika maji ya ziwa au ya mto, wa nne uzame nusu katika maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita.

Kundi la pili: msumari wa tano upakwe matabaka mawili ukiwa safi, wa sita uachwe ushike kutu wiki moja, kisha upakwe bila kusafishwa, wa saba upakwe mafuta ya kula, ufutwe kidogo, kisha upakwe rangi, wa nane ubaki mtupu. Rangi ikikauka, kwaruza kila mmoja kwa wembe mpaka chuma kionekane, na uizamishe nusu katika maji ya ziwa.

Baada ya siku 21, wanafunzi waibandue rangi kuzunguka mkwaruzo na kupima kwa rula kutu imetambaa umbali gani chini yake. Walinganishe msumari wa tano na wa sita kabla mwalimu hajasema neno. Rangi ni moja, kopo ni moja, gharama ni moja. Tofauti ni kazi iliyotangulia.

HITIMISHO

Mwenye fedha kidogo asifikiri kwamba amenyimwa kazi nzuri. Vitu vinavyoamua maisha ya rimu, yaani usafi, ukavu, msasa na subira, havina bei kubwa. Lakini asidanganyike pia kwamba kung'aa ni usalama. Gurudumu likiwa limepakwa vizuri hupendeza machoni. Likiwa limefungwa vizuri hufika ziwani na watu wake.

MASWALI

1. Kwa nini msumari wa pili, ulio ndani ya maji, hushika kutu kidogo kuliko wa tatu?

2. Lori lina rimu saba, na kila moja ina eneo la mita ya mraba 1.2. Litahitaji lita ngapi za rangi kwa matabaka mawili?

3. Rangi kwenye kiti cha nati ikipungua unene kwa milimita 0.03, mvuto wa msumari uliokuwa umerefuka milimita 0.045 utabaki sehemu gani ya ule wa mwanzo?

4. Eleza kwa nini gari la Tanga hushika kutu haraka kuliko la Liuli, ingawa yote mawili yako karibu na maji.

5. Tembelea gereji iliyo karibu na shule. Je, mafundi huacha sehemu zipi bila rangi, na wao hutoa sababu gani?